Kisu cha komando cha 20,000: unalipia chuma au unalipia mbwembwe?

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la kupanda milima (tuko kama 15 hivi, wengine Moro wengine Dar, tunapanda Uluguru mara moja alafu tunaiongelea miezi mitatu) mshkaji mmoja akatupia tangazo. Kisu cheusi tii, kirefu kama mkono wa mtoto, mgongoni kina meno ya msumeno, mpini unafunguka na ndani kuna ndoano ya samaki, sindano na njiti za kiberiti, kwenye kitako cha mpini kuna dira, na ala yake imebeba kijiwe cha kunolea pamoja na kile kifimbo cha kutoa cheche. Bei 20,000, ukichukua viwili 35,000. Swali lake lilikuwa fupi tu, "Wakuu hii kitu inafaa au napigwa?"

Basi ikawa vurugu. Mmoja akamwambia rahisi ghali, vumilia ujikusanye ununue cha Mmarekani cha laki tatu. Mwingine akasema babu yake Kilombero kaishi porini miaka yote na panga la buku saba na hajawahi kuhitaji hizo dira zenu. Mpaka usiku watu wanabishana na muuliza swali keshalala.

Mimi naona wote wawili walishika nusu nusu. Bei peke yake haikwambii kitu. Kuna kisu cha 15,000 kitakachokuzika na kuna cha laki ambacho kitakufia mkononi siku ya kwanza. Cha kuuliza ni hiyo 20,000 yako imeenda wapi ndani ya hicho kisu, imeenda kwenye chuma au imeenda kwenye vikorokoro.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Kisu cha porini hapa namaanisha kisu kimoja kisichokunjwa, chenye ala yake, ambacho unakibeba ukijua kule unakoenda ndicho kitafanya kazi zote: kuchonga vigingi vya hema, kukata kamba, kumenya viazi, kuchuna kuku, kupasua vijiti vya moto wakati mvua imenyesha na kuni zote zimelowa. Sio silaha. Anayekuuzia kwa kukwambia utapigana nacho na chui, huyo mwache apite.

Makali ni pale panapokata, mgongo ni upande wa pili wa makali, bapa ni ubavu wa kisu, ala ni nyumba yake. Hayo unayajua. Sehemu yenye kesi nyingi ni ile usiyoiona, kile chuma kinachotoka kwenye bapa na kuingia ndani ya mpini. Mimi nakiita mkia. Chukua panga la nyumbani uliangalie, chuma kimeenda mpaka mwisho wa mpini, kimebanwa na vipande viwili vya mbao au plastiki na ribiti zimepita katikati. Huo ndo mkia kamili, mbao zikipasuka leo unazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli na kazi inaendelea. Kuna visu ambavyo mkia unaishia nusu au robo tatu ya mpini, hivyo navyo vinaweza kuwa imara kabisa kama mpini umemiminwa vizuri juu yake. Alafu kuna hivi vya mpini unaofunguka. Sasa jiulize, kama ndani ya mpini kuna ndoano na sindano na njiti, mkia umekaa wapi? Haupo. Wameacha kipande kifupi kama kidole gumba, wakakichomeka kwenye bomba la mpini na kukikaza na nati.

Kile nilichowahi kununua mimi kilikuwa hivyo. Nilikinunua kwenye duka flani mtaani, nikatamba nacho njia nzima kuelekea kilele cha Lupanga. Jioni tunatafuta kuni kavu, nikakiweka kisu juu ya kigogo nikawa nakigonga mgongoni na gongo ili kipasue, jinsi watu wanavyofanya kwenye video. Pigo la tatu mpini ukabaki mkononi, na bapa likaruka likapita karibu na goti la mwenzangu likapotelea kwenye majani. Tulilitafuta na tochi hatukuliona. Vitunguu vya usiku ule vilikatwa na kisu cha jikoni cha mpini wa plastiki ya kijani, cha 3,000, ambacho dada mmoja alikifunga kwenye kitambaa akakitia kwenye sufuria yake. Ile dira ilibaki mkononi kwangu nzima kabisa, ikielekeza kwenye sufuria.

Sio kwamba mpini mtupu hauwezekani kutengenezwa vizuri. Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani 1989, alikuwa anachonga kisu kizima, bapa na mpini, kutoka kwenye nondo moja ya chuma, kwa hiyo hakuna pa kuachia. Ila ile ni kazi ya mashine na muda, huwezi kuipata kwa 20,000 pamoja na dira. Umbo limeigwa, kazi haikuigwa.

Tuje kwenye chuma, hapa ndo watu wengi wanapotea. Fikiria chapati. Unga wa aina moja, mafuta yaleyale, mmoja anakutolea chapati laini ya kuchambuka, mwingine anakutolea kitu cha kuzibia dirisha. Chuma ni unga, joto ndo kupika. Kwenye unga wenyewe kuna vitu viwili vya kujua: kaboni inakipa chuma uwezo wa kuwa kigumu, na kromi inakisaidia kisishike kutu. Kromi ikifika kama asilimia 10.5 na kuendelea chuma kinaitwa stenlesi. Alafu inakuja kupika. Chuma cha kaboni cha kawaida kinapashwa mpaka kama nyuzi 800 za sentigredi, kinazamishwa ghafla kwenye mafuta, hapo kinakuwa kigumu lakini ukikidondosha kinaweza kupasuka kama glasi, kwa hiyo kinarudishwa kwenye joto dogo, kama nyuzi 200 hivi kwa saa moja au mbili, kupunguzwa ukali wa huo ugumu. Hatua hii ya pili ikirukwa kisu kinakatika, ikizidishwa kinakuwa laini na makali yanajikunja kama ya kijiko.

Ugumu wa kisu unapimwa kwa kipimo cha Rockwell. Visu vingi vya bei ya chini viko kwenye 52 mpaka 54, vya kazi vilivyopikwa vizuri viko 56 mpaka 59. Inaonekana tofauti ndogo ila kwenye makali inaonekana sana. Cha 53 utakinoa asubuhi, mchana kimeshakuwa butu.

Na hapa kuna siri ndogo ya kusoma maandishi kwenye bapa. Vyuma vingi vya Kichina namba ya kwanza ndo kaboni. Ukiona 3Cr13, hiyo 3 inamaanisha kaboni kama asilimia 0.3, na 13 ni kromi asilimia 13 hivi. 8Cr13MoV ina kaboni kama 0.8. Kwa hiyo bila kuwa injinia unajua tayari kwamba ya pili inaweza kushika makali kuliko ya kwanza, ikipikwa vizuri. Chuma cha Kimarekani 1095 soma namba mbili za mwisho, kaboni kama 0.95, ila hicho hakina kromi ya maana, kitashika kutu usipokipaka mafuta. 420 nacho kiko kwenye ukoo wa kaboni ndogo. Ukiona 440 peke yake bila herufi mbele yake, shtuka. Kuna 440A, B na C, A ndo yenye kaboni ndogo na C ndo yenye nyingi, na mwenye C hawezi kusahau kuiandika, ndo anachojivunia. Maneno kama "chuma cha upasuaji" au "chuma cha kijeshi" hayakwambii chochote, ni sawa na mtu akuuzie mchele akwambie ni mchele wa kula. Na yale mawimbi mazuri ya Damaski (chuma cha tabaka tabaka) kwenye kisu cha bei ya kutupa mara nyingi ni mchoro tu juu ya chuma cha kawaida, ukisugua na msasa yanafutika.

Sasa hesabu mwenyewe. Kisu cha 20,000 kina dira, kijiwe, kifimbo cha cheche, ndoano, sindano, ala, boksi lenye picha ya komando, meli kutoka China mpaka bandarini, faida ya mwagizaji na faida ya dada anayekupostia. Toa vyote hivyo. Kinachobaki ndo bajeti ya chuma na kukipika. Hata sihitaji kuwa na takwimu hapo. Simu ya bei chee yenye kamera nne ambazo tatu ni mapambo unaijua, hii ndo ndugu yake.

Na hivyo vikorokoro vyenyewe, kimoja kimoja, havina kazi. Msumeno wa mgongoni unauza sana kwa sababu ya sinema za miaka ya 80, ila angalia msumeno halisi wa fundi seremala, meno yake yamepindishwa moja kulia moja kushoto ili njia iwe pana kuliko bapa. Ya kisu yamechongwa kwenye chuma kinene na hayajapindishwa popote, yakiingia sentimita moja kwenye mti yanakwama. Alafu yanakuharibia mgongo ambao ungeutumia kuweka kidole gumba wakati wa kuchonga, au kugongea kuni, gongo linaliwa na meno badala ya kisu kuingia. Dira ni sumaku, umeiweka juu ya kipande cha chuma, sasa unategemea ionyeshe kaskazini au ionyeshe kisu? Kifimbo cha cheche chenyewe ni kitu kizuri, cheche zake zinafika nyuzi 3,000 hivi, ila kinataka mgongo wa kisu wenye kona kali ya kukwaruzia, na kisu kimepakwa rangi nyeusi na kona zimeviringwa, unakwaruza mpaka jasho na hakuna kitu. Kiberiti cha gesi cha mtaani kwenye mfuko wa nailoni kitakuwashia moto kabla hujamaliza kusoma maelekezo.

Kuna uongo mwingine unaozunguka, kwamba kisu kinene ndo imara ndo kizuri. Chukua karoti mbichi. Ikate na kisu chembamba, inapita kimya. Ikate na kile cha komando chenye unene wa milimita tano, utasikia "ta!", karoti imepasuka, haijakatwa. Kisu kinene kinafanya kazi ya shoka dogo na kinafanya vibaya. Kazi nyingi za porini kusema ukweli ni za jikoni na za kamba, milimita mbili mpaka tatu inakutosha, na urefu wa makali sentimita 10 hivi. Cha kufyekea njia ni panga, usimlazimishe kisu kuwa panga.

Stenlesi nayo watu wanaielewa vibaya. Haishiki kutu kirahisi, sio kwamba haishiki kabisa. Nenda nayo Tanga au Bagamoyo, safisha nayo samaki, irudishe kwenye ala ikiwa na maji ya chumvi alafu uisahau wiki mbili. Utakuja kuniambia. Ukikaa pwani nunua stenlesi, lakini suuza na ukaushe. Ukikaa bara na una moyo wa kupaka kitone cha mafuta ya kupikia kila ukimaliza, cha kaboni kinanoleka upesi na kitakufurahisha. Kitabadilika rangi kiwe cha kijivu na madoa madoa, hiyo sio kutu, usikisugue. Kutu ni ile nyekundu ya kutoka na kidole.

Na uthibitisho kwamba rahisi sio lazima iwe mbovu upo miaka mingi. Kampuni ya Morakniv ya mji wa Mora kule Uswidi wanatengeneza visu tangu 1891, na kile chao cha kawaida kinachoitwa Companion nje kinauzwa kama dola 15 mpaka 25. Hakina msumeno, hakina dira, mpini wa plastiki na mpira, ala ya plastiki, ukikiona unaweza kudhani ni cha fundi bomba, na kweli mafundi wa huko wanavitumia kila siku. Mkia wake hata sio kamili. Lakini chuma chake cha stenlesi ni 12C27, kimepikwa vizuri, na makali yake yanakuja tayari ukikitoa kwenye karatasi. Pesa yote wameiweka kwenye bapa. Ubaya kwetu ni usafiri na ushuru, na ukikikuta mtaani kwa 18,000 anza kujiuliza maswali. Wafaransa nao wana Opinel, kinakunjwa, mpini wa mti, na kipete cha kufunga bapa lisikurudie kwenye vidole walikiongeza 1955. Hicho ni cha chakula na kuchonga tu, usikigonge na gongo.

Hapa nyumbani ukitaka kitu cha bei hiyohiyo ya 20,000, mimi ningekwambia hivi: nunua panga dogo la kawaida na kisu cha jikoni kilichonyooka, chenji inabaki ya kununua jiwe la kunolea. Au tafuta mhunzi anayetengeneza kutoka springi za lori. Chuma cha springi kimezaliwa kuvumilia kukunjwa na kurudi, ndo maana mapanga na sime nyingi zimetoka huko, na mhunzi anayejua kazi utamkuta ana ndoo ya mafuta pembeni na anaangalia rangi ya moto, hakurupuki. Mwenye kukitoa kwenye moto na kukiacha kipoe chenyewe chini, hicho kitakuwa laini. Kwenye mitumba ya vyombo pia huwa kuna visu vya zamani vya jikoni vya Ulaya vimechakaa mpini tu. Ukiona kimegongwa Solingen, mji wa visu kule Ujerumani, na kweli kimetoka huko umepata, lile jina Wajerumani wanalilinda kwa sheria tangu 1938, ingawa mhuri hata mtaani unagongwa kwa hiyo macho yawe wazi.

Ukiwa dukani, kabla hujatoa pesa, shika mpini mkono mmoja na bapa (sio makali jamani) mkono wa pili, jaribu kuusokota taratibu. Kikilia au kikicheza rudisha. Gonga bapa na kucha usikilize, kilichokaa vizuri hakina mlio wa kitu kinachotetemeka ndani. Kitazame kwa kukilenga kama unalenga bunduki, uone kama mstari wa makali umenyooka. Kitie kwenye ala, kigeuze kichwa chini, kitikise. Hili la ala watu wanalipuuza na ndo linaloumiza watu kuliko yote, kisu kinachochomoka chenyewe ukiwa unashuka mteremko kitakukuta pajani. Alafu lowanisha mkono ushike mpini, porini mkono wako hautakuwa mkavu.

Ukifika nacho nyumbani pitisha tupa kidogo karibu na mpini pasipoonekana. Tupa ikiteleza au ikikwaruza kwa shida, chuma kimepikwa. Ikila kama inakula sufuria ya alumini, umenunua pambo. Kipimo ninachokipenda zaidi ni kamba ya katani. Noa kisu mpaka kikate gazeti bila kulichana, kata kamba mara 40 juu ya ubao, rudi kwenye gazeti. Katani ni kali kwa makali, haina huruma. Kikiendelea kukata gazeti hata kwa kusitasita, kaa nacho kwa amani, bei yake isikusumbue.

Kwenye kunoa kuna kosa moja linaua visu vizuri na vibaya sawasawa, nalo ni kumpelekea mtu mwenye grainda ya umeme. Makali ni membamba, yanapata moto kwa sekunde, na ukiona yamegeuka rangi ya bluu ujue hapo joto limefika kama nyuzi 300, ule upishi wa kiwandani umeshaharibika na hapo patakuwa laini daima. Yule mnoa visu wa kuzunguka na baiskeli, wa kukanyaga pedali, ana nafuu kwa sababu jiwe lake halikimbii hivyo. Ukinoa mwenyewe, pembe ni kama nyuzi 20 kila upande. Kuipata, kunja kona ya karatasi ya daftari katikati, alafu kunja tena katikati, hiyo pembe iliyobaki ndo unalaza kisu. Huna jiwe? Geuza kikombe cha kauri, ile duara ya chini isiyong'aa inanoa vizuri sana. Na usiogope kisu kikali. Butu ndo unakisukuma kwa nguvu kinateleza kinakuja kwenye vidole.

La mwisho, kwenye ndege kinakaa kwenye begi la kupakia, sio la mkononi, na mjini kiache ndani ya begi, askari akikukuta nacho kiunoni Posta saa tatu usiku hadithi za Uluguru hazitakusaidia.

Yule mshkaji wa grupu, wakati sisi tunabishana, alikuwa ameshalipia. Kimefika Jumatano. Nimemwambia afungue ule mpini, atoe dira na ndoano, amimine gundi ya epoksi mpaka ijae, aache siku nzima ikauke, na gongo asilisogeze karibu nacho. Jana katuma picha. Kinakata maembe.